SAUTI YA MWANAMKE KATIKA FASIHI: NANI ANASEMA, NANI ANAAMUA, NANI ANAANDIKA?

(Hotuba iliyotolewa na mwalimu wa Kiswahili wa shule ya sekondari ya kambi katika maadhimisho ya Siku ya Wanawake Duniani, tarehe 8 Machi. Kamati imeichapa kwa maombi ya waliokuwapo uwanjani na ya wale ambao hawakuweza kufika.)



 Kwa kawaida katika siku kama ya leo tunasikia hotuba juu ya afya, juu ya maji, juu ya kuni na mgawo wa chakula. Hayo ni mambo ya uhai, na mimi siyapunguzi hata kidogo. Lakini Kamati ilipokuja shuleni kuuliza ni mwalimu gani atasema na atasema juu ya nini, nilijibu kwamba nitasema juu ya vitabu. Wapo waliocheka. Walisema, "Mwalimu, watu wanasubiri mahindi, wewe unataka kuwapa hadithi?"

Ndiyo, nataka kuwapa hadithi, na sababu yangu ni hii. Sisi wakimbizi tunaishi kwa hadithi kuliko watu wengi duniani. Mtu anayevuka mpaka hana hati ya nyumba wala ya shamba. Mara nyingi hana hata cheti cha kuzaliwa. Ana hadithi yake tu. Ataulizwa: Umetoka wapi? Umekimbia nini? Uko na nani? Jinsi anavyoisimulia, na jinsi aliyeketi mezani anavyoiandika, ndivyo atakavyopewa kadi, ndivyo familia yake itakavyohesabiwa, na pengine ndivyo kesi yake itakavyoamuliwa baada ya miaka. Kwa hiyo kujua nani anasimulia na nani anaandika si mchezo wa darasani. Ni jambo linalogusa sufuria ya kila nyumba hapa.

Sasa tuseme ukweli. Mara ngapi tumeona baba anajibu maswali yote, na mama aliye pembeni yake ameinamisha kichwa? Anaulizwa mama, anajibu baba. Anaulizwa binti, anajibu mjomba. Mwishoni karani anaandika "familia imesema," na mama anaweka dole gumba juu ya maneno asiyoyasema. Hakuna aliyekusudia ubaya. Ni mazoea. Na mazoea haya, ndugu zangu, yamekwisha kuchunguzwa na waandishi wetu zamani, kwa undani kuliko semina yoyote.

Ninapofundisha fasihi, kila hadithi yenye mwanamke ndani yake naiwekea maswali matatu. Nani anasema? Nani anaamua? Nani anaandika? Leo nitayapitia maswali hayo moja moja, kwa mifano ya vitabu, kisha niseme yanatudai nini hapa kambini.

SWALI LA KWANZA: NANI ANASEMA?

Kuna watu wema kabisa wanaosema kwamba habari hizi za sauti ya mwanamke zimeletwa na magari ya mashirika, na kwamba magari yakiondoka zitaondoka nayo. Nawaomba wanisikilize.

Mwaka 1858 huko pwani ya kaskazini ya Kenya, katika kisiwa cha Pate, aliishi mama mmoja jina lake Mwana Kupona binti Msham. Alikuwa mjane wa Bwana Mataka, mtawala wa Siyu. Alikuwa mgonjwa, akaona siku zake zinahesabika. Akamwita binti yake, Mwana Hashima, akamtungia utendi wa beti zaidi ya mia moja, ili ule utendi umlee yeye mwenyewe atakapokuwa hayupo. Wazungu walikuwa hawajaketi Berlin, mwaka 1884 na 1885, kugawana Afrika. Hapakuwa na shirika, hapakuwa na semina. Palikuwa na mama, binti, na jambo la kusema. Na angalieni jinsi utendi wenyewe unavyoanza: mama anamwambia binti asogee karibu, atwae wino na karatasi. Yaani kitu cha kwanza ambacho mama yule anamkabidhi mtoto wa kike ni kalamu.

Wanafunzi wangu wa kike huwa wananipinga hapo. Wanasema, "Lakini Mwalimu, Mwana Kupona anamfundisha binti kumtii mume katika kila jambo. Hiyo ndiyo sauti ya mwanamke?" Swali lao ni zuri, nami huwajibu hivi. Kumpa mtu nafasi ya kusema si kumchagulia maneno. Mwana Kupona alisema aliyoyaona kuwa yatamwokoa binti yake katika dunia ile aliyoijua. Tunaweza kukubaliana naye, tunaweza kukataa. Lakini tunakubaliana au tunakataana na yeye, si na mtu mwingine aliyesema kwa niaba yake. Kama tutawasikiliza wanawake wale tu wanaosema tunayoyapenda, hapo tutakuwa tunajisikiliza wenyewe. Neno hili nawaelekeza wanaume wetu, na wageni wetu wa mashirika pia.

Mfano wa pili ni Siti binti Saad. Alizaliwa Fumba, Unguja, karibu mwaka 1880, katika familia maskini ya wafinyanzi. Alikuwa akitembeza vyungu vya kuuza, na sauti yake ya kunadi vyungu ndiyo iliyoanza kujulikana. Hakupelekwa shule. Karibu mwaka 1911 akahamia mjini, akajifunza taarabu, na mwaka 1928 akasafiri hadi Bombay, India, kurekodi sahani za santuri kwa Kiswahili, akiwa katika waimbaji wa kwanza kabisa wa Afrika Mashariki kufanya hivyo. Alifariki mwaka 1950. Shaaban Robert, mwandishi mkuu wa Kiswahili, aliona maisha yake yanastahili kitabu, akakiandika.

Kwa nini namtaja Siti mbele yenu? Kwa sababu ya aliyoyaimba. Zamani taarabu ya kwa Sultani iliimbwa kwa Kiarabu, kwa wakubwa. Siti akaimba kwa Kiswahili mambo ya mtaani: mume anayempiga mke, tajiri anayemdhulumu maskini, mahakama inayopindisha haki. Umo wimbo wake mashuhuri juu ya mtu aitwaye Kijiti. Mwanamke mgeni aliuawa, mwuaji akatoroka, na adhabu ikawaangukia wanawake waliokuwa naye. Mahakama ilikwisha kusema neno lake. Siti akalisema neno jingine, nalo likakaa katika midomo ya watu hadi leo, wakati jina la hakimu halijulikani na mtu wa kawaida. Hiyo ndiyo nguvu ya sauti. Haikufungua jela, lakini ilizuia uongo usiwe historia.

Majirani zetu Warundi na Wanyarwanda wana methali isemayo kwamba kuku jike hawiki jogoo akiwapo. Nimeisikia hata katika vikao vya hapa. Mimi nimefuga kuku, nanyi mmefuga. Ni kweli kwamba kuku jike hawiki. Lakini mwewe anaposhuka, ni nani anayelia kwanza? Ni mama wa vifaranga. Jogoo anatangaza alfajiri, na alfajiri ingekuja hata asingewika. Kilio cha kuku jike kikikosekana, vifaranga wanakwenda na mwewe.

SWALI LA PILI: NANI ANAAMUA?

Mtu anaweza kusema sana na asiamue lolote. Hapa vitabu vinatusaidia mno.

Mwaka 1971 Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe nchini Tanzania, alitoa riwaya ya Rosa Mistika. Rosa ni binti wa Zakaria, baba mlevi na mkali. Baba anamchunga kwa fimbo. Kwa sababu ya barua ya mvulana anampiga vibaya. Rosa anakua akimwogopa mwanamume bila kumjua. Halafu anaondoka nyumbani kwenda kusoma, na fimbo ya baba haifiki huko. Anaanguka, anatumiwa, anajaribu kuinuka, na mwisho anajiua. Riwaya hiyo ilikatazwa mashuleni kwa muda, kisha ikaja kusomwa sana.

Shuleni kwetu tunayo nakala chache, nyingine hazina jalada. Nilipoisoma na darasa langu, mzazi mmoja alikuja kunionya kwa heshima kwamba kitabu kinafundisha uhuni. Nilimkaribisha akakaa. Nikamwambia, "Mzee wangu, Zakaria naye aliogopa uhuni. Alifunga kila mlango isipokuwa mmoja, ule wa kuzungumza na mtoto." Tulizungumza mpaka kengele ya kutoka. Hakukubaliana nami katika yote, lakini binti yake aliendelea na kitabu.

Darasani niliwauliza wanafunzi: Nani aliyemwua Rosa? Wavulana wengi walisema amejiua mwenyewe. Wengine walisema baba. Wengine, wanaume waliomtumia. Ndipo msichana mmoja akanyoosha mkono akasema, "Mwalimu, tangu ukurasa wa kwanza hakuna aliyemwuliza Rosa anataka nini." Darasa likanyamaza. Nimesoma mahakiki mengi juu ya riwaya ile nilipokuwa chuo cha ualimu. Sikumbuki lililosema vizuri kuliko yule mtoto.

Sasa tumtazame mwanamke anayeamua. Sisi tuliosomeshwa kwa Kifaransa tunamfahamu Mariama Bâ wa Senegali. Mwaka 1979 alitoa kitabu cha Une si longue lettre, nacho kikapata Tuzo ya Noma mwaka 1980. Yeye alifariki mwaka uliofuata. Kitabu chote ni barua. Anayeandika ni Ramatoulaye, mwalimu, mama wa watoto kumi na wawili, aliye katika eda ya mumewe. Mume yule, kabla ya kufa, alimwacha upweke akaoa rafiki wa binti yao. Siku arobaini zilipotimia, kaka wa marehemu, Tamsir, anakuja na imamu kumtangazia kwamba atamrithi. Haombi, anatangaza. Ramatoulaye, aliyenyamaza miaka mingi, anamjibu mbele ya watu wote kwamba yeye si kitu cha kupokezana mkono kwa mkono.

Jambo hilo hilo tunalikuta Kenya katika tamthilia ya Natala ya Kithaka wa Mberia, iliyotoka mwaka 1997. Natala anaambiwa mume wake, Tango, amekufa. Shemeji yake, Wakene, anataka kumrithi. Natala anakataa, anasukumwa, anadharauliwa, bado anakataa. Na mwisho wa mchezo Tango anarudi akiwa hai. Fikirini: angekubali haraka kwa kuogopa maneno ya watu, ingekuwaje?

Nawasimulia haya kwa sababu katika kambi hii wamo wajane wengi, na wamo pia wanawake ambao hawajui kama ni wajane au la. Mume alibaki ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, hakuna habari. Watu wanawajia na maamuzi yaliyokwisha kupikwa. "Fulani atakuchukua." "Kadi yako itaunganishwa na ya fulani." Kwao Natala si hadithi ya Kenya. Ni jirani wa mlango wa pili.

Lakini tusidanganyane kwamba wanaoamua vibaya ni wanaume peke yao. Katika kitabu kile cha Mariama Bâ yumo Binetou, msichana wa shule, mdogo kwa miaka mingi kuliko yule mume. Ni mama yake Binetou aliyemlilia na kumsihi akubali kuolewa, ili familia itoke katika umaskini. Binetou akatolewa shuleni. Alipata gari na mapambo, akakosa ujana wake. Mwandishi hamchukii yule mama. Anatuonyesha umaskini wake. Lakini hafichi kwamba binti amelipa deni lisilo lake.

Wazazi wenzangu, kila mwaka naanza darasa na wasichana wengi, na naumaliza na wachache. Kiti kinabaki kitupu. Nikiuliza, naambiwa "ameolewa," kama vile ningeambiwa "amehama." Sisemi kwamba wazazi hao hawana mapenzi. Mgawo ukipunguzwa, mdomo mmoja kupungua nyumbani ni hesabu. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Nasema tu: kabla ya kuamua, ulizeni. Mketisheni binti, mwulize anataka nini, na mvumilie jibu lake.

SWALI LA TATU: NANI ANAANDIKA?

Utaona kwamba Rosa aliandikwa na mwanamume, na Natala pia aliandikwa na mwanamume. Waliwaandika vizuri, kwa huruma na kwa akili. Wanaume wenye kalamu si adui zetu, na leo nawaheshimu. Hata hivyo, siku mwanamke anaposhika kalamu mwenyewe, mambo fulani yanaonekana ambayo hayakuonekana.

Penina Muhando, aliyezaliwa mwaka 1948 katika mkoa wa Morogoro, akaja kuwa profesa wa sanaa za maonyesho katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliandika tamthilia zake kwa Kiswahili ili zichezwe na watu wa kawaida na kueleweka nao. Mwaka 1972 alitoa Hatia, na mwaka 1982 alitoa Nguzo Mama. Katika Nguzo Mama, wanawake wa kijiji cha Patata wana kazi moja: kuisimamisha nguzo. Wapo kuanzia Bi Moja hadi Bi Nane. Wanajua kwamba nguzo ikisimama, kijiji kizima kitapata nafuu. Lakini kila wanapokusanyika, kunatokea jambo. Huyu ana mume mlevi, yule anaona wenzake hawajui kitu, mwingine ana shughuli yake, na wanagombana. Mchezo unamalizika, na nguzo haijasimama.

Wanafunzi wangu waliucheza mchezo huu hapa uwanjani, kwa gogo la mti na vitenge vya kuazima. Akina mama walicheka mpaka machozi, kwa sababu kila mmoja alimwona jirani yake pale. Kisha wakaacha kucheka, kwa sababu kila mmoja alijiona mwenyewe. Mwanamume angeandika juu ya mateso ya wanawake, angetuonea huruma. Penina Muhando hakutuonea huruma. Alituuliza kwa nini nguzo bado iko chini, na akawauliza pia wanaume waliokaa kilabuni wakiangalia. Kumwambia mwenzako ukweli kama huo ni heshima, kwa maana humwoni kuwa mgonjwa wa kubebwa tu. Unamwona mtu mwenye mikono.

Hapo nina neno kwa wageni wetu wa mashirika, kwa shukrani na kwa uwazi. Katika taarifa na picha nyingi zinazoandikwa juu yetu, mwanamke mkimbizi ana sura moja: amekaa chini, amembeba mtoto, anatazama mbali. Anaitwa mhanga. Ni kweli tumeumizwa, na mwenye kovu usidhani kapoa. Lakini mama huyo huyo aliyepigwa picha amevuka ziwa na watoto wanne, ameanzisha biashara ya vitumbua, amesuluhisha ugomvi wa kisima, na anajua dawa ya kila mtoto wa mtaa wake. Hayo hayamo katika taarifa. Mkituandika, tuandikeni wazima.

Mfano wangu wa mwisho ni wa mwanamke ambaye naye alikuwa mkimbizi. Scholastique Mukasonga alizaliwa Rwanda mwaka 1956. Mwaka 1960, akiwa mtoto, familia yake ilihamishwa kwa nguvu na kupelekwa Nyamata. Mwaka 1973 alifukuzwa shule kwa sababu ya kabila lake, akakimbilia Burundi. Baadaye akaenda Ufaransa. Mwaka 1994, katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, mama yake na ndugu zake wengi waliuawa. Mwaka 2006 alitoa kitabu chake cha kwanza, na mwaka 2012 alipata Tuzo ya Renaudot, ambayo ni tuzo kubwa ya fasihi huko Ufaransa.

Kitabu chake ninachokipenda kinaitwa La Femme aux pieds nus, yaani mwanamke aendaye miguu mitupu. Kilitoka mwaka 2008, na ni juu ya mama yake, Stefania. Mama yule alikuwa amewausia mabinti zake kwamba siku atakayokufa wamfunike mwili, watu wasiuone mwili wa mama. Siku ilipofika, binti alikuwa mbali, na hapakubaki mtu wa kumfunika. Ndipo binti akaamua kumfunika kwa maneno. Kurasa za kitabu ndizo sanda. Na ndani ya kitabu hicho hakuna kilio tu. Kuna mtama, kuna nyumba ya asili aliyoijenga mama, kuna dawa za majani, kuna wanawake wanaopanga posa na kuteta uani. Kwa hiyo wauaji walimwondoa Stefania, lakini hawakuweza kumfanya awe maiti tu. Amebaki mama, mwenye akili, mwenye mzaha, mwenye mipango.

Najua kambini tumetoka katika nchi na makabila mbalimbali, na kila mmoja ana maiti wake. Sikusimulia habari hii ili tupimane machungu. Nimeisimulia kwa sababu kila mmoja wetu hapa ana mama, bibi au dada aliyebaki bila kufunikwa. Mimi nilivuka Ziwa Tanganyika mwaka 1996 nikiwa mgongoni mwa mama. Bibi yangu alibaki. Yote ninayoyajua juu yake, mama yangu ndiye aliyeniambia, na mama yangu hajui kuandika. Asiponiambia, au nisipoandika, bibi anakwisha.

TUFANYE NINI?

Ndugu Mwenyekiti, hotuba isiyo na kazi ni upepo. Naomba mambo manne.

La kwanza, mwanamke aulizwe mwenyewe na aandikwe kwa maneno yake. Panapokuwa na mahojiano ya aina yoyote, iwe kwetu katika Kamati au kwa mashirika, mama apate nafasi ya kusema peke yake akitaka, na mkalimani awe mtu asiyemwogopa. Kisha asomewe yaliyoandikwa, kwa lugha anayoielewa, kabla hajaweka sahihi au dole gumba. Jambo hilo halihitaji fedha. Linahitaji dakika chache na uvumilivu.

La pili, wasichana wapewe muda wa kusoma. Mvulana akirudi nyumbani anashika mpira au daftari. Msichana anashika ndoo, kisha kuni, kisha mtoto, kisha sufuria. Akimaliza, giza limeingia na koroboi haina mafuta. Naomba kila nyumba impe msichana wa shule saa moja tu ya mchana, kabla jua halijazama. Ndugu yake wa kiume achote maji kwa saa hiyo. Mikono yake haitavunjika.

La tatu, darasa la watu wazima lisiwe la kujifunza kuandika jina peke yake. Jina ni mlango, tuingie ndani. Walimu tuko tayari kuwasomea akina mama hadithi kwa sauti, tujadili, kisha wao waseme zao. Na wanaume wanakaribishwa. Mwanamume aliyesoma habari za Zakaria hawezi tena kushika fimbo bila kusikia mtu anamwita jina.

La nne, tuandike hadithi za mama zetu na bibi zetu. Shule imetenga madaftari kwa kazi hiyo. Wanafunzi wa madarasa ya juu wataandika, walimu tutasahihisha tahajia tu, maneno hatutayagusa. Mama akitumia Kibembe, Kifuliiru, Kirundi au Kiswahili cha kwetu, kitaandikwa hivyo hivyo. Mwenye hadithi ndiye atakayeamua kama jina lake liandikwe au lisiandikwe, kama isomwe mbele za watu au ihifadhiwe. Na asiyetaka kusema, asishurutishwe. Kunyamaza kwa hiari nako ni uamuzi, tofauti kabisa na kunyamazishwa.

Kuna atakayeuliza: tukirudi nyumbani, au tukihamishiwa nchi nyingine, madaftari hayo yatakuwa na kazi gani? Kazi yake itaanzia hapo. Watoto wetu wataulizwa wao ni nani. Wengine hawajawahi kuliona jua la Fizi wala la Uvira. Kadi ya mgawo haitawajibia swali hilo. Daftari litawajibia.

Tutaanza Jumamosi hii saa nane mchana, katika darasa la mwisho upande wa kisima. Mikeka ipo. Mwenye mtoto mdogo aje naye. Daftari la kwanza liko mezani kwangu, na kwenye ukurasa wa kwanza sijaandika kitu, kwa kuwa mstari huo si wangu.

Akina mama, hongereni kwa siku yenu.